Shangazi Aliyetukalisha Nyuma ya Trela

Shangazi yangu anaujua uzito wangu kuliko anavyoijua siku yangu ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa huikosea kila mwaka, na kila mwaka mimi hununa. Lakini akisimama mlangoni mwa karakana akapaza sauti, "Jamani, nahitaji kilo sitini na nane!" yadi nzima hugeuka kunitazama, hadi wateja. Nimeshamwambia kwamba mwanamke mwenye heshima zake hatangaziwi kilo zake hadharani kama mfuko wa saruji. Jibu lake ni lile lile: "Basi zitangaze mwenyewe, mimi ninyamaze."

Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Mimi, binti wa kaka yake, napaka rangi kwenye kona ya yadi hiyo hiyo. Watu humletea mageti, madirisha na vitanda, lakini kilichompa jina ni trela. Hasa yale matrela ya kulala, yenye kitanda na kabati na jiko dogo la gesi ndani, ambayo watu wa kazi za kuhamahama huyafunga nyuma ya gari na kwenda nayo wanakokwenda. Kila mwenye trela la namna hiyo, ipo siku anapata wazo moja. Ana kitu kizito, ndani hakienei, basi kining'inizwe nyuma. Mmoja ataleta jenereta, mwingine pikipiki, na mara moja alikuja bwana mmoja na friji la kuhifadhia nyama, tena limejaa nyama.

"Fundi, nipachikie hapa tu, kwenye bampa."

"Kaa kwanza," shangazi humwambia.

Mgeni hudhani anakaribishwa kiti. Kumbe anatakiwa akae pale pale anapotaka mzigo wake ukae, nyuma kabisa ya trela, juu ya ubao ambao shangazi ameufunga kwa kamba. Akipungua uzito anaongezewa watu. Hapo ndipo tunapoitwa sisi. Ana orodha yetu yote kichwani: mimi, muuza chai, mlinzi wa geti, na Fundi Makochi wa chumba cha pili, mtu wa kilo mia na ushei ambaye akisikia anaitwa huacha mkasi ndani ya kitambaa na kuja anatabasamu. Wengine huona haya kuwa mizigo. Yeye huona fahari. "Leo nimeitwa kuwa jenereta," huwaambia wateja wake. Alishakuwa friji pia.

Tukishakaa tunaning'iniza miguu, shangazi huenda mbele na kuushika mkono wa trela, yaani kile chuma kirefu kinachofungwa kwenye gari. Huunyanyua kidogo, akafumba macho. Mkono ukiwa mzito, anaridhika. Ukinyanyuka kirahisi, mwenye trela arudi na friji lake nyumbani au akubali liwekwe kwingine. Anasema trela lazima lilielemee gari kidogo. Ukilijaza mkia linaacha kulielemea, linaanza kulinyanyua, na mwendo ukikolea mkia unayumba kushoto na kulia mpaka trela ndilo linaloliendesha gari. Wapo wanaobisha. Shangazi habishani nao, anawaambia washike wenyewe.

Ujuzi huo hakuusomea popote. Alianguka nao. Alipokuwa msichana alikuwa mpishi wa mafundi kwenye karakana moja kubwa, na mchana mmoja aliketi na wenzake wawili walioshiba nyuma ya trela la mizigo lililokuwa limefunguliwa kwenye gari. Trela likabinuka, mkono ukaruka juu kama mtu anayeomba kura, na wao wakateleza chini pamoja na sufuria. Karakana nzima ilicheka mpaka ikakaa chini. Yeye alijifuta mchuzi, akaenda kwa fundi mkuu akamuuliza kwa nini. Alipojibiwa akauliza swali la pili, na la tatu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshika kinyago cha kuchomelea na sufuria wamepewa wengine.

Kwa kazi hiyo alimlea binti yake wa pekee, binamu yangu, ambaye yeye hakuitaka karakana hata kidogo. Alisema hawezi kuishi ananuka moshi. Akajifunza cherehani, akawa fundi mzuri, akaolewa na fundi matairi mmoja mwembamba, mpole, anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Upepo. Wana mtoto mmoja wa kike, aliyepewa jina la bibi yake. Shangazi humwita "somo yangu," na kwa ajili ya huyo somo kinyago huvuliwa hata katikati ya kazi.

Sasa niseme jambo moja kuhusu shangazi na mkwe wake, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kilichotokea. Shangazi anawafokea madereva wa malori. Alishamwambia mwenye nyumba wetu, mbele ya mkewe, kwamba paa lake linavuja kwa sababu ya ubahili. Lakini Upepo akiingia getini, sauti ya shangazi inashuka mpaka unamwonea huruma. Anajifuta mikono ambayo hata hampi. Haketi kochi moja naye, hamtazami usoni, na akiulizwa lolote anajibu, "Sawa, baba." Upepo naye ni hivyo hivyo, "Ndiyo, mama," macho kwenye viatu. Nimeshawaona wakipishana mlangoni, kila mmoja anarudi nyuma kumpisha mwenzake, mpaka binamu akawafokea wote wawili.

Basi, Upepo na binamu walinunua trela la kulala. Kulikuwa na kambi ya watu wanaojenga barabara, mbali na mji, malori mengi na hakuna wa kuziba matairi. Msimamizi wa kambi alimwambia Upepo kwamba nafasi ni ya fundi mmoja tu, naye ataichukua atakayetangulia kufika. Walikuwa wahamie huko wote watatu: Upepo azibe matairi, binamu ashone ovaroli za wafanyakazi, mtoto alale kwenye kitanda kidogo chini ya dirisha la nyuma. Trela lilipakwa rangi na mimi, bluu ya kung'aa, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, na sioni aibu kusema kwamba sijawahi kupaka vizuri vile.

Upepo akaja na mashine yake ya upepo, ile ya kujazia matairi. Ilikuwa na injini, tangi la hewa na magurudumu ya chuma, na uzito wake ni kilo mia na hamsini.

"Mama," alisema akitazama viatu, "nilikuwa naomba unifungie hapa nyuma. Kelele ziwe mbali na kitanda. Na mpira wa upepo uyafikie malori kirahisi."

Nikaacha brashi nisikie "Kaa kwanza." Nilishaanza hata kuwaza tutamkalisha nani.

"Sawa, baba," alisema shangazi.

Nilidhani amechoka. Nikamfuata ndani. "Shangazi, hukalishi watu?"

"Mashine yenyewe si ipo? Watu wa nini?"

"Na mkono? Hutaushika?"

"We mpaka rangi, nenda kapake rangi."

Nikaenda, nimevimba. Akatengeneza fremu la kubebea mashine kwa wiki nzima, na lilikuwa zuri, sitasema uongo. Paipu nene za mraba, zimeshikwa kwenye chasisi yenyewe na siyo kwenye bampa, viungo vimechomelewa kwa mstari mmoja usiokatika. Mafundi wa jirani walikuja kuliangalia. Kila waliposifu, shangazi aligeuka kutafuta nyundo. Mtu anayependa sifa kama yeye, nilipaswa kujua kuna jambo.

Siku ya kuondoka walipakia asubuhi. Binamu alikuwa amevaa gauni jipya, somo amekumbatia mto wake. Upepo aliushika mkono wa trela aufunge kwenye gari, akaunyanyua peke yake kwa mkono mmoja, akacheka kwa furaha.

"Mnaona? Trela limekuwa jepesi kabisa!"

Sote tulicheka naye, na mimi nikiwemo, mjinga mkubwa. Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya tanuri la kukaushia vijiti vya kuchomelea, na nikaona amejishika shingo.

Gari likaondoka taratibu. Somo alikuwa kwenye dirisha la nyuma, juu ya ile mashine, anapunga. Getini kuna tuta dogo la mtaro. Gari lilipita, trela likapanda, likashuka, na mkia ukainama mpaka fremu likakwaruza lami. Nyuma ya gari ikanyanyuka, unaiona kabisa, kisha ikarudi. Mtoto aliangukia ndani, akainuka anacheka, akaendelea kupunga.

Shangazi alikimbia. Mwanamke wa umri ule, na buti zile za chuma, alipita ubavuni mwa trela, akapita gari, akasimama katikati ya geti amenyoosha mikono.

"Zima gari."

Hakusema baba. Hakusema tafadhali. Upepo akazima.

"Mshusheni mtoto. Fungueni trela."

Trela likafunguliwa. Shangazi akaushika mkono wake, akaunyanyua mpaka kifuani kama mtu anayefunua sufuria, akaubakisha pale ili kila mtu aone.

"Huu hauna uzito," alisema. "Mteremko wa kwanza tu, trela hili litaligeuza gari na kila aliyemo ndani. Na mimi nililijua hilo siku alipoileta mashine."

Binamu alishuka kwenye gari, uso umemwiva. "Ulijua? Wiki nzima ulikuwa unajua, mama? Tumeaga watu! Kule kuna mtu mwingine anatangulia, tukichelewa hatuna kazi. Wiki nzima ulikuwa wapi?"

Shangazi aliushusha mkono wa trela taratibu juu ya jiwe.

"Nilikuwa naona haya," alisema. "Nilimwonea haya mkwe wangu. Nikawaza, nimwambieje mtoto wa watu kwamba wazo lake ni baya, akae juu ya ubao na Fundi Makochi, yadi nzima inamtazama? Nikaona nimheshimu. Ile siyo heshima. Ningewazika kwa heshima."

Upepo alikuwa anatazama viatu vyake, na masikio yamemwiva.

Shangazi alivaa kinyago, akachukua grainda, akaanza kukata. Katika miaka yote sijawahi kumwona akikata kazi yake mwenyewe. Ya wengine, hiyo hukata kwa raha zake, tena akiimba. Ile aliikata kimya, kiungo kimoja baada ya kingine, ule mstari uliowaita majirani. Na cheche zikaruka zote kwenye bluu yangu. Vitobo vyeusi, vingi, kuanzia dirishani mpaka chini. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii dada wa baba yake. Kisha nikasusa, nikaenda kukaa juu ya debe la rangi, nimewapa mgongo.

Mashine iliposhuka, tatizo likawa moja: iwekwe wapi? Mashine ya uzito ule huwezi kuibeba huku na huku ukijaribu. Ndiyo maana shangazi hutumia watu, ni mizigo inayojisogeza yenyewe. Akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Nahitaji kilo mia na hamsini!"

Fundi Makochi alikuwa ameenda kupeleka kochi. Muuza chai hakuwepo. Mlinzi alikuwa analiongoza gari kurudi ndani.

"Mimi mwenyewe ni themanini na mbili," shangazi alihesabu. "Nahitaji kilo sitini na nane."

Nilijua ananitazama. Sikugeuka. "Kilo sitini na nane zimesusa," nilisema.

Kisha nikasikia mtu anakohoa.

"Mama," alisema Upepo, "na mimi nina kilo sitini na nane."

Hapo niligeuka, jamani. Hasira ni hasira, lakini jambo lile lilikuwa halijawahi kuonekana. Shangazi alimtazama mkwe wake usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu harusi. Akaketi juu ya ubao pale mbele, juu ya mkono wa trela, akapapasa nafasi ya pembeni yake. Upepo akaja akaketi. Nafasi ilikuwa finyu, bega likagusa bega. Wote wawili walitazama mbele kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho.

"Haya," shangazi alimwambia binti yake. "Nyanyua."

"Mimi?"

"Mimi si ni mashine sasa? Nani mwingine?"

Binamu, na gauni lake jipya, yule asiyetaka kunuka moshi, akainama. Uso bado umemwiva, machozi yako karibu. Akavuta.

"Haunyanyuki hata kidogo."

"Gari lenu halitauweza. Tunarudi nyuma."

Wakaingia ndani ya trela, wakaketi sakafuni karibu na kitanda. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliwaona wakisogea kwa makalio, mama mkwe na mkwe, kidogo kidogo kuelekea magurudumu, huku binamu nje ananyanyua na kupaza sauti. Bado mzito. Bado. Wakasogea tena. Sasa mwepesi mno. Rudini kidogo. Somo alidhani ni mchezo, akaenda kukaa mapajani mwa bibi yake, ikabidi atolewe kwa sababu anaharibu hesabu.

"Hapo!" alisema binamu. "Msisogee."

"Ukoje?" sauti ya shangazi ilitoka ndani.

"Mzito, lakini naunyanyua."

"Mzito kama nini?"

Binamu aliushusha, akaunyanyua tena, akafumba macho. Nilishtuka kumwona. Ni vile vile mama yake anavyoyafumba, na kichwa kinainama upande ule ule.

"Kama gunia la unga lililojaa."

"Basi ndipo penyewe," alisema shangazi.

Mahali penyewe palikuwa chini ya meza ya binamu ya kukatia vitambaa, mbele kidogo ya magurudumu. Meza nyepesi ndiyo iliyohamia nyuma. Shangazi akakata mlango ubavuni mwa trela, akaizungushia mashine ukuta wa bati kuitenga na chumba, akaiwekea reli ili wakifika kambini ivutwe nje kama droo, ikapige kelele zake mbali na mtoto. Petroli akaamuru isafiri kwenye gari, siyo humo. Kazi ile ilitaka siku mbili, na mlango ule ulikata bluu yangu pale ilipokuwa imebaki nzima. Nilipaka upya. Nilipaka nikinung'unika, lakini nilipaka mikono mitatu.

Walipofika kambini walikuta fundi mwingine ameshafungua kazi. Siwezi kusema kwamba fundi huyo baadaye alipatwa na lolote, hakupatwa, yuko salama na amenenepa. Binamu na mumewe walikwenda mbele zaidi, kwenye machimbo ya mawe, wakaanza upya kwa shida, na ikachukua muda kabla hawajasimama. Wala hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ule mteremko ungewaua. Shangazi hajawahi kusema ungewaua. Binamu naye hajawahi kuuliza tena wiki ile mama yake alikuwa wapi. Kila wanapohama anapiga simu, na mazungumzo yao ya safari ni mafupi kuliko salamu zao.

"Umeushika?"

"Nimeushika, mama. Gunia la unga."

"Haya, nendeni."

Mimi nina watu wengi ninaowaheshimu, lakini wengi wao sijawahi kuwaona wakikata kazi yao wenyewe mbele ya mtu wanayemwonea haya. Shangazi nimemwona. Ndiyo maana namvumilia na kilo zake.

Mwezi uliopita walikuja kututembelea. Upepo tulimweka kwenye kiti kizuri, kile ambacho Fundi Makochi hamruhusu mtu kukikalia ila mgeni, na shangazi akawa anapita kwa mbali kama kawaida. Mara akaingia mteja na trela lake, anataka kupachikiwa tangi la maji nyuma. Shangazi akamwambia akae kwanza. Uzito haukutosha, shangazi mwenyewe akapanda kwenye ubao. Bado haukutosha. Akageuka kutafuta mtu, na nikamwona ananitafuta mimi, nami mikono yangu imejaa rangi.

"Nahitaji kilo sitini na nane!"

Upepo alikuwa ameshainuka kwenye kiti cha wageni. Alivuka yadi, wateja wote wanamtazama, akafika nyuma ya trela. Binamu alikuwa ameshaushika mkono mbele, anangoja.

"Mama, sogea kidogo," alisema Upepo.

Shangazi akasogea.